Usiku wa Saa Nne Asubuhi

Jumatatu, 3 Machi

Taa imezimika saa nne asubuhi. Haitawaka tena mpaka Ijumaa.

Vikombe ishirini na vinne, nondo jike mmoja ndani ya kila kikombe. Kumi na wawili wa Membley, rafu ya kushoto. Kumi na wawili wa Murera, rafu ya kulia. Mimi katikati juu ya kreti ya soda. Kila nusu saa nazunguka na tochi nyekundu, naangalia nani ameinua mkia. Aliyeinua namwekea tiki. Ambaye bado, nukta.

Kuinua mkia ndiyo kuita. Jike anatoa harufu, dume anainusa akiwa mbali, anakuja mbio. Kama walaji pale Kamakis moshi wa nyama choma ukianza kutoka. Viwavi wa hawa ndio wanaotoboa avokado na mapera ya watu, na wakulima wanataka kujua wanaamka saa ngapi.

Maabara yetu ni stoo ya zamani hapa nje ya Thika. Madirisha yamezibwa na polithini nyeusi, mlangoni kuna mapazia mawili. Nondo ni wa usiku, kwa hivyo Daktari aliwageuzia usiku tangu wakiwa viwavi. Usiku wao unaanza saa nne asubuhi. Mimi nachapa kazi ya usiku na jioni naenda nyumbani Ruiru kama karani.

Daktari bado si daktari. Anasomea. Lakini mimi nimeshampa cheo. Anaitwa Wanjiru, na swali lake ni hili. Membley ni mtaa wa wenye pesa, taa za ulinzi zinawaka usiku kucha. Murera ni mashamba, giza totoro. Je, nondo ambao wameishi chini ya mataa, wao na mama zao na nyanya zao, saa yao ya mwilini bado iko sawa na ya wale wa giza? Ukiwaweka gizani siku nne bila kuona jua, kila mmoja atafuata saa yake mwenyewe. Hapo ndipo utajua.

Mimi niko upande wa Murera. Watu wa shamba hawana madharau.

Leo hakuna aliyeita mpaka saa nane. Halafu wakaita karibu wote, Membley na Murera. Kazi rahisi. Form Two imenitosha kabisa.

Jumanne, 4 Machi

Saa nne mpaka saa nane hakuna kitu. Nukta, nukta, nukta. Masaa manne ya kukaa gizani ukisikiliza tumbo lako.

Mzee Wekesa alichungulia kati ya mapazia, bila kufungua la ndani, kunichokoza. Yeye ni wa Bungoma na kazi yake ni kuokota mapera yaliyotobolewa, yenye viwavi ndani, Membley na Murera, ayalete hapa kwa magunia. Ananiita kiazi. Anasema kazi yangu ni kukaa gizani ningoje kuchipuka. Nikamwambia angalau mimi sijainama siku nzima chini ya miti ya watu kama kuku.

Nimepata dawa ya kuboeka. Simu. Sheria ni taa nyekundu peke yake, kwa sababu nondo haoni nyekundu. Simu yangu ina ile rangi ya usiku, skrini inageuka ya machungwa. Nikafikiria vizuri. Machungwa na nyekundu ni majirani. Nikaegemea rafu ya Membley, nikaweka mwanga chini kabisa, nikaangalia mieleka bila sauti mpaka saa nane kasoro.

Sisi watu wa kufikiria ni wachache.

Murera wameita saa nane. Membley wamechelewa nusu saa.

Jumatano, 5 Machi

Mieleka tena. Murera saa nane. Membley saa tisa. Wanachelewa kama wenye magari wakienda kanisani.

Alhamisi, 6 Machi

Murera saa nane na dakika chache. Membley saa tisa unusu. Wengine walikuwa bado saa kumi. Nimehesabu mara mbili na tochi. Kitu kinatokea hapa na ni mimi nimekiona kwanza.

Ijumaa, 7 Machi

Nimempa Daktari karatasi. Akasoma akiwa amesimama. Akakaa. Akasoma tena.

Akaniuliza kama nina hakika. Nikamwambia Daktari, macho haya yanaona sarafu ya shilingi kutoka ng'ambo ya barabara.

Akachora mistari miwili. Wa Murera umenyooka. Wa Membley unateleza kila siku kwenda mbele, nusu saa, nusu saa, nusu saa. Anasema inamaanisha saa yao inaenda polepole. Mataa yamewabadilisha, na hakuna mtu hapa kwetu amewahi kuonyesha hivyo. Akapigia Profesa wake simu hapo hapo. Alikuwa anatembea akiongea, mkono mmoja kichwani.

Nimemjua mwaka mzima na sijawahi kumwona akicheka na meno yote. Miaka mitatu anahangaika na hawa wadudu. Chumba hiki kinarudishwa kwa wenyewe mwisho wa Aprili. Ijumaa ya tarehe 21 anasimama mbele ya maprofesa, na hao ndio wataamua kama anamaliza au anafungasha. Mpaka leo hakuwa na kitu cha kuwaonyesha. Sasa anacho. Lakini Profesa amesema arudie na kundi lingine la nondo, matokeo yawe yale yale.

Ametununulia chapati na ndengu. Akasema mbele ya Mzee Wekesa kwamba bila mimi asingefika hapa. Mzee akasema kumbe kiazi kimechipuka. Nimekula chapati nne.

Jumatatu, 10 Machi

Sijisikii vizuri.

Wakulima wamekuja kutoka Murera, wamama sita na mzee mmoja. Daktari akawapeleka kwenye chumba, kitupu, taa zikiwaka. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni kama mwenyeji. Mama mmoja akauliza mbona polithini nyingi hivi. Daktari akasema nondo anasoma mwanga kama sisi tunavyosoma saa ya ukutani. Akasema mwanga mdogo sana, ukimfikia mwanzo wa usiku wake, unamwambia jua halijazama. Saa yake inarudi nyuma. Atachelewa usiku ule ule, na kesho yake zaidi. Ukifanya hivyo kila siku atachelewa kila siku.

Nikauliza, sauti ya kawaida kabisa, na ya machungwa, Daktari?

Akasema machungwa bado ina rangi nyingine ndani yake. Nyekundu safi tu. Akauliza kwa nini.

Nikasema kujua tu.

Mzee wa Murera akasema kijana ana akili. Nikacheka. Kicheko kilikuwa kikavu, nimekisikia mwenyewe.

Nusu saa, nusu saa, nusu saa.

Jumanne, 11 Machi

Nimefika saa moja kabla ya mtu yeyote. Nimefunga mapazia. Nikakaa kwenye kreti vile vile, mgongo kwa rafu ya Membley, simu mkononi, ya machungwa, mwanga chini kabisa. Nikangoja macho yazoee giza. Halafu nikageuka.

Vikombe vitupu vilikuwa na vivuli ukutani. Vyote kumi na viwili. Kivuli cha kikombe, na cha lebo yake, na cha mdomo wake.

Skrini inamulika uso wangu. Nyuma ya uso wangu ni Membley. Murera wanaona mgongo wa simu.

Hakuna saa iliyoenda polepole. Ni mieleka.

Nimezima simu, nikafungua mapazia. Daktari alipofika akaniambia nimekuwa mtu wa kuwahi siku hizi.

Jumatano, 12 Machi

Nondo wa kundi la pili wametoka kwenye pupa. Wazuri, mabawa safi. Kesho saa nne asubuhi giza linaanza, mpaka Jumapili.

Daktari ananiamini vibaya sana. Amenipa ufunguo wa chumba. Amesema Kim, fanya kila kitu vile ulifanya mara ya kwanza. Usibadilishe chochote.

Usibadilishe chochote.

Nimejaribu kumwambia. Nikafungua mdomo, nikamuuliza kama tochi inahitaji betri mpya. Akasema ndiyo, nikanunua betri.

Alhamisi, 13 Machi

Nimeandika haya saa kumi na mbili jioni, nje, jua linaniumiza macho.

Hesabu ni rahisi, hata mtoto wa darasa la tatu anaiweza. Nikiwasha simu, Membley watateleza. Kundi la pili litafanana na la kwanza. Daktari atasimama tarehe 21, maprofesa watapiga makofi, atamaliza, na hakuna mtu duniani atajua. Nisipowasha, mistari miwili itanyooka pamoja na yeye hana kitu.

Nikiwasha namsaidia. Hiyo ndiyo inanitisha. Kwamba nikiwasha namsaidia.

Simu ilikuwa mfukoni. Saa nne, saa tano, saa sita. Mkono uliingia mfukoni mara nyingi. Saa saba niliitoa kabisa. Nikaishika, uso wake chini, dole gumba kwa ile swichi ya pembeni. Nikafikiria atakavyosimama mbele yao na suti yake ya bluu. Halafu nikafikiria mtu wa nchi nyingine, msomi, akirudia kazi yake, asione kitu. Akiandika kwamba huyu Wanjiru wa Thika alidanganya. Hatasema Kim. Hanijui Kim. Atasema Wanjiru.

Nikairudisha mfukoni.

Wote wameita saa nane. Lakini siku ya kwanza huwa hivyo.

Ijumaa, 14 Machi

Simu nimempa Mzee Wekesa anitunzie. Nikamwambia inanisumbua na meseji za wasichana. Akasema wasichana wenyewe wanajua unakaa wapi, au watakutafuta kwenye gunia la viazi.

Nikaingia kati ya mapazia. Akaniangalia kidogo. Mimi huwa na jibu.

Murera saa nane. Membley saa nane na dakika kumi.

Jumamosi, 15 Machi

Saa nane. Saa nane.

Daktari yuko Juja kwa Profesa, wanatengeneza bango la tarehe 21. Amenitumia picha, nikaiona jioni simu ikiwa mkononi mwa Mzee Wekesa. Mistari miwili, mmoja mwekundu mmoja wa kijani. Chini ameandika shukrani kwa watu wanne. Jina langu ni la pili. Kimani, jina kamili, na la baba.

Hakuna mtu kwetu amewahi kuandikwa mahali kama hapo. Mathe, mamangu, angeliweka kwa fremu.

Jumapili, 16 Machi

Siku ya mwisho. Membley na Murera wameita pamoja saa nane, kama kwaya.

Nimeandika vile nilivyoona.

Jumatatu, 17 Machi

Daktari amesoma karatasi dakika nzima. Hakuniuliza kama nina hakika. Afadhali angeniuliza.

Alienda kwenye stoo ya magunia akafunga mlango. Alipotoka, macho mekundu, akaanza kutafuta kosa. Akapima joto la chumba. Akakagua swichi. Akasoma lebo za vikombe moja moja. Akarudi kwa vitabu vya nani alileta nini lini. Halafu akamwita Mzee Wekesa.

Nilikuwa nasikia kutoka ndani. Daktari hakupiga kelele. Alisema Mzee, ni kitu kimoja tu kinaweza kueleza hii, mapera ya safari hii yalichanganyika. Gunia la Murera liliingia kwa Membley. Mzee akasema hapana, Daktari, mimi nafunga gunia la Membley na kamba ya bluu na la Murera na ya katani, hata nikiwa mgonjwa. Akasema ataapa. Daktari akasema si mambo ya kuapa. Akamwambia apumzike kuanzia leo, mpaka atakapomwita.

Mzee Wekesa analipwa kwa siku. Kupumzika kwake si likizo.

Alipita mbele yangu na koti begani. Akanirudishia simu yangu aliyokuwa ametunza tangu Ijumaa, nikaipokea na mikono miwili. Akasema kiazi, wewe ni shahidi, si umeona zile kamba zangu. Nikasema nimeona, Mzee.

Nilisema nimeona. Sikusema lingine. Nimejiandikia hapa nisije nikajidanganya baadaye kwamba nilijaribu.

Jumanne, 18 Machi

Nimejaribu kumwambia Daktari mara tatu.

Asubuhi nilimpata akiongea na Profesa kwa simu. Alikuwa anasema ndiyo Profesa, ndiyo, nitaonyesha kundi la kwanza, la pili nitasema lilichafuka.

Saa saba nilimpelekea chai. Nikasema Daktari. Akasema mm. Nikasema sukari ni vijiko viwili.

Jioni nilienda mpaka kwenye gari lake. Akashusha kioo. Nikamwambia tairi ya nyuma imepungua upepo. Ilikuwa haijapungua.

Mdomo huu. Umenitoa kwa polisi mara mbili, umeniingiza harusi tano bila kualikwa. Leo hauwezi sentensi moja.

Jumatano, 19 Machi

Nimesema.

Alikuwa kwenye bomba la nje akisuuza vikombe. Nilikuwa nimekariri njiani, kuanzia Ruiru mpaka Thika, maneno mazuri yenye samahani mwanzo na mwisho. Yote yakapotea. Nikasema Daktari, wale wa kwanza ni simu yangu.

Akaendelea kusuuza. Akauliza simu gani.

Nikamweleza. Kreti, rafu, mieleka, rangi ya machungwa. Majirani. Nilipofika kwa majirani aliacha kusuuza lakini hakufunga bomba. Maji yalikuwa yanamwagikia viatu vyake.

Akauliza siku gani. Nikasema Jumanne, Jumatano, Alhamisi. Saa ngapi mpaka saa ngapi. Nikasema. Akauliza na hili kundi la pili. Nikasema la pili ni safi, Daktari, hilo ni la kweli.

Akafunga bomba. Akaniambia nionyeshe.

Tukaingia. Akazima taa, akafunga mapazia. Nikakaa kwenye kreti vile nilivyokaa, nikawasha simu vile nilivyowasha. Yeye akasimama nyuma yangu, mbele ya rafu. Tulingoja macho yazoee. Sikugeuka. Nikasikia akivuta pumzi. Baadaye nikajua alikuwa ameinua mkono na anaangalia kivuli cha vidole vyake mwenyewe ukutani.

Akasema zima.

Gizani akaniambia, umeniacha nimwambie Mzee Wekesa vile nilimwambia. Hakuuliza. Nilitamani anitukane, hata Kikuyu ile ya cucu, nyanya yangu, akiwa amekasirika. Hakunitukana.

Akatoka nje akampigia Mzee simu hapo nikisikia. Samahani Mzee, nilikukosea, magunia yako yalikuwa sawa, rudi kesho tafadhali, na siku hizi mbili nitakulipa. Kisha akaingia ofisini.

Sijui kama nimefutwa. Nimekaa mpaka saa kumi na mbili. Hakuna mtu aliyeniambia niende wala nibaki.

Alhamisi, 20 Machi

Nimekuja. Hajaniambia nirudi nyumbani, kwa hivyo nimeosha vikombe vyote, sakafu, na choo.

Mzee Wekesa alifika saa tatu. Alikuwa ameshaambiwa. Nikasimama mbele yake. Nikamwambia Mzee, nilijua tangu Jumanne ya wiki iliyopita na nilikuangalia ukienda.

Alikuwa anafungua gunia. Akalifungua pole pole, akakunja kamba yake ya bluu, akaiweka mfukoni. Akasema, nyumbani mama watoto aliniuliza umeiba nini huko kazini. Nikamwambia sijaiba. Mama watoto akasema watu hawaambiwi wapumzike hivi hivi.

Basi. Akaendelea na mapera yake. Hajaniita kiazi leo. Nilikuwa nangoja aniite.

Ijumaa, 21 Machi

Bango lilikuwa limeshachapishwa, na lingine halingewahi. Daktari amelikata kwa mkasi asubuhi juu ya meza, pale penye mistari miwili. Akabandika karatasi nyeupe nyuma ya shimo. Akaandika na kalamu ya wino: Mwanga uliingia chumbani. Matokeo haya yameondolewa.

Akalikunja. Akavaa suti yake ya bluu. Nikambebea mpaka kwa gari. Nikamwambia Daktari, andika ni Kimani. Andika jina, si mwanga.

Akasema chumba ni changu, Kim.

Akaondoka. Saa kumi jioni bado hajapiga simu kwa mtu. Mzee Wekesa naye anaangalia barabara, ingawa anajifanya anachambua mapera.

Saa kumi na moja. Bado.

Jumatatu, 24 Machi

Hawakumfukuza. Pia hawakumpitisha. Wamempa kundi moja la mwisho kabla ya chumba kurudishwa. Profesa wake hakumwangalia njia nzima kurudi Juja. Mmoja wa wale wengine, mama mzee mfupi, alimuuliza mwanga uliingiaje. Akasema mtu wetu alikuwa na simu na mimi sikumweleza vya kutosha kwa nini isiwepo. Yule mama akaandika kitu.

Nimemwambia Daktari alinieleza. Alinieleza siku ya kwanza kabisa, nyekundu peke yake. Ni mimi nilijifanya najua zaidi.

Akasema najua. Lakini sikukueleza kwa nini. Nilikupa sheria bila sababu, na wewe ni mtu wa kutafuta sababu.

Sijui kama hiyo ilikuwa sifa. Sijaichukua kama sifa.

Halafu akanyoosha mkono, nikamrudishia ufunguo wa chumba. Kuanzia sasa ndani anakaa yeye mwenyewe, siku zote nne, masaa yote. Mimi siingii.

Jumapili, 30 Machi

Mvua imeanza. Nondo wa tatu wametoka, kumi na wawili, kumi na wawili. Nimebandika lebo mimi, yeye na Mzee Wekesa wakiangalia. Mzee alisoma kila moja kwa sauti. Kwa Membley nane akasema hapa umeandika kama daktari wa kweli, hakuna mtu atasoma. Nikaiandika upya.

Alhamisi, 3 Aprili

Siku ya nne, ya mwisho.

Yeye yuko ndani, gizani. Mimi niko nje ya mapazia na karatasi magotini. Kila nusu saa anazunguka na tochi yake na kuniambia kupitia kitambaa. Membley moja, nukta. Membley mbili, nukta. Naandika. Anamaliza Membley, anaenda Murera. Naandika. Katikati hatuongei. Mara moja nimemsikia akipiga miayo. Mara moja ameniuliza kama bado kunanyesha, nikasema inapungua.

Miguu yangu imekufa ganzi. Nadhani yake pia.

Saa nane mvua imeacha. Nimesikia kreti ikilia, akisimama. Nimesikia hatua zake zikienda kushoto. Halafu akaanza, sauti ya chini kama mtu anayesoma kanisani.

Membley moja, anaita. Membley mbili, nukta. Membley tatu, anaita. Nne, anaita. Mpaka kumi na mbili. Kisha Murera. Moja, anaita. Mbili, anaita. Tatu, nukta.

Nimeandika zote vile zilivyokuja. Tisa na tisa.

Akauliza kama nimeziandika. Nikasema ndiyo, Daktari. Akasema basi wako sawa hawa watu, hata na mataa yao.

Nikasema ndiyo.

Akasema haya, tungoje nusu saa.